Sahani za Bibi na Chapa Zilizo Chini Yake

Mwaka 1830 Wabelgiji waliasi, wakajitenga na Uholanzi. Mji wa Maastricht, ulioko kusini kabisa na kuzungukwa karibu pande zote na ardhi ya waasi, ulibaki mikononi mwa jeshi la Mfalme wa Uholanzi, na biashara yake ikadorora. Mmoja wa walioguswa alikuwa Petrus Regout, mfanyabiashara kijana wa vioo na vyombo vya mezani, mzaliwa wa mwaka 1801. Bidhaa alizozoea kuagiza kutoka ng'ambo ya mpaka sasa zilikuwa za nchi ya kigeni, na kila kasha lilikuja na ushuru na usumbufu wake. Akaamua kutengeneza mwenyewe. Mwaka 1834 alifungua karakana ya kuchonga nakshi kwenye vioo, na miaka miwili baadaye akaanzisha kiwanda cha vyombo vya udongo. Hiyo ndiyo sababu mpaka leo, katika makabati ya Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, utakuta bakuli la maua ambalo ukiligeuza unaona chini yake picha ya simba mwenye kichwa cha binadamu na jina la mji wa Maastricht.

Naandika kuhusu vyombo hivi kwa sababu vinatutoka. Bibi akifariki, arobaini ikapita, warithi hukaa kugawana. Nyumba ina bei yake, shamba lina bei yake, dhahabu inapelekwa kwa sonara ikapimwe. Hesabu ya mirathi katika sheria ya Kiislamu iko wazi: mume akiwapo hupata robo kama marehemu ameacha watoto, na mtoto wa kiume hupata sehemu mbili za binti. Lakini ikifika zamu ya kabati la vyombo, hakuna anayejua thamani ya kilichomo. Seti iliyokaa pamoja kwa vizazi hugawanywa, huyu sahani tatu, yule birika bila kifuniko chake, au huuzwa yote kwa mkupuo kwa dalali anayepita nyumba kwa nyumba. Na dalali huyo mara nyingi ndiye mtu pekee chumbani anayejua anachokitazama.

Watu wa pwani walizoea vyombo vya mbali zamani sana, kabla ya Regout na kabla ya Mzungu yeyote. Magofu ya Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu, yametoa vigae vya mitungi ya rangi ya samawati iliyokoza ukijani, iliyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Baadaye vikaja vyombo vya China: kwanza vile vizito vya kijani kibichi kutoka tanuri za Longquan, kisha vile vya bluu na nyeupe kutoka Jingdezhen, mji uliolisha dunia nzima kwa kauri. Meli za kaizari Yongle wa China, zikiongozwa na Zheng He, zilifika Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, lakini bidhaa za China zilikuwa zimetangulia kwa muda mrefu, zikipita mkono kwa mkono kupitia bandari za India, Hormuz na Aden. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya mji wa Gedi mwaka 1948 alikuta kauri nyingi kiasi kwamba moja ya nyumba za mji ule imepewa jina la bakuli lililopatikana ndani yake. Mortimer Wheeler, bingwa wa akiolojia kutoka Uingereza aliyetembelea Tanganyika mwaka 1955, alisema hajapata kuona vigae vingi vya kauri ya China kama alivyoviona kati ya Dar es Salaam na Kilwa.

Vyombo hivyo havikuwa vya kulia wali tu. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu za karne ya 18, mafundi walipamba kuta za ndani kwa vidaka vya chokaa, safu juu ya safu, vikichongwa kwa kisu wakati lipu ingali mbichi. Waamu huviita zidaka. Humo ndimo zilimopangwa sahani, mabakuli, vitabu na vitu vya thamani, na chumba kilichopambwa hivyo kilikuwa ndicho cha ndani kabisa, alikolala mama mwenye nyumba, akajifungulia, na siku ya mwisho akaoshwa maiti yake. Wazee walikuwa na imani kwamba sahani nzuri ukutani huvuta kijicho cha mgeni, ikakipokea yenyewe, nacho kikampita mtoto mchanga. Ikipasuka bila kuguswa walijua imefanya kazi yake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipoomboleza kuanguka kwa matajiri wa Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi, hakusahau vidaka hivi: anavionyesha vikiwa vitupu, ndege wamehamia. Msikilizaji wake alielewa mara moja ukubwa wa msiba.

Sahani zilifuata watu hadi makaburini. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na kule Mambrui karibu na Malindi, mafundi walipachika sahani na mabakuli ya China kwenye chokaa ya nguzo, yang'ae juani. Nenda Kunduchi leo utazame kwa karibu: nyingi hazipo tena, kimebaki kishimo cha mviringo, chokaa ikiwa bado na alama ya kitako cha sahani iliyobanduliwa. Hao waliobandua hawakurithi kitu. Waliiba kwa marehemu, na jambo hili nitalirudia, kwa sababu sokoni sahani ya kaburini na sahani ya kabatini hukaa meza moja.

Kulikuwa pia na matumizi ya ibada na tiba. Sahani nyeupe isiyo na doa ilikuwa ndiyo ya kuandikia kombe: mwalimu huandika aya kwa wino wa zafarani, maandishi yakaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa. Familia nyingi zilitenga sahani moja kwa kazi hiyo, na hakuna aliyethubutu kuilia mchuzi.

Karne ya 19 ilibadilisha kila kitu. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja, karafuu ikapandwa, na mataifa yakaja kutaka mikataba: Wamarekani mwaka 1833, Waingereza 1839, Wafaransa 1844, na miji ya Kijerumani ikiongozwa na Hamburg mwaka 1859. Meli zilikuja kuchukua pembe, karafuu na sandarusi, na hazikuja tupu. Zilileta merikani, baruti, waya za shaba, na makasha ya vyombo yaliyojazwa majani makavu visivunjike. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi kuta za vyumba vya majumba yale zilivyokuwa na vidaka virefu vyenye rafu, zilimopangwa kwa ulinganifu glasi na kauri za kila namna. Kwa watu wa tabaka lake vyombo vilikuwa sehemu ya heshima ya nyumba, sawa na saa kubwa na vioo vya ukutani.

Kisha vikashuka bei, vikawafikia wengine. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza safari za kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Safari iliyokuwa inazunguka Rasi ya Tumaini Jema ikawa fupi, nauli ya mzigo ikapungua, na viwanda vya Ulaya vilivyokuwa vikizalisha kwa mvuke vikatafuta wateja kila bandari. Wanaakiolojia waliochimba kwenye mashamba ya zamani ya karafuu visiwani wamekuta vigae vya vyombo vya Ulaya mashambani kwenyewe, mbali na majumba ya Mji Mkongwe. Mtu ambaye hangeota kumiliki kauri ya Jingdezhen sasa aliweza kununua bakuli lenye maua.

Ushindi wa Maastricht ulitokana na urahisi huu. Regout aliajiri mafundi kutoka Uingereza, akafuata namna zao, na akakusudia soko la nje tangu mapema. Katika mji huohuo akapata mshindani, Société Céramique, ambaye chapa yake ni simba aliyesimama. Mabakuli mengi yaliyokuja Mashariki yalipambwa kwa sifongo: fundi hukata kipande cha sifongo umbo la ua au jani, hukichovya katika rangi, hugonga, huzungusha bakuli, hugonga tena. Mapambo mengine yalichapwa. Picha ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapakwa wino, ikahamishiwa kwenye karatasi nyepesi na kutoka hapo ikabandikwa juu ya chombo. Majina ya mapambo yanaonyesha walivyowaza soko: Regout walikuwa na Pajong, Société walikuwa na Timor, majina yaliyotoka katika makoloni ya Uholanzi kule Indonesia. Pwani yetu ilikuwa kwenye njia hiyohiyo ya bahari, na ilipenda rangi zilezile.

Gharama ya urahisi ule ililipwa na wengine. Uholanzi ilipiga marufuku kuajiri watoto wa chini ya miaka 12 viwandani mwaka 1874 tu, na uchunguzi wa bunge la nchi hiyo mwaka 1887 ulisikiliza wafanyakazi wa Maastricht wakieleza saa ndefu, kazi za usiku na joto la tanuri. Regout mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1878, akiwa tajiri. Nikishika bakuli la aina hiyo nawakumbuka wale walioligonga ua kwa sifongo mara mia kwa siku. Wanastahili kutajwa kama anavyotajwa mwenye kiwanda.

Sasa ligeuze. Thamani na umri wa chombo viko chini, na wauzaji wanaojua huanza huko kabla ya kutazama maua. Tuseme una bakuli la waridi na majani ya kijani. Ukingoni pana mstari wa rangi uliochorwa kwa brashi huku chombo kikizungushwa. Tafuta mahali brashi ilipoanzia na ilipoishia, utakuta ncha mbili zimepishana kidogo. Hiyo ni kazi ya mkono. Chini, au nyuma ya ukingo, kuna vidoa vitatu vidogo vilivyopangika pembetatu: hapo vigingi vya udongo vilitenganisha chombo na mwenzake ndani ya tanuri. Ganda la juu linalong'aa lina mtandao wa nyufa nyembamba mno, na ndani ya nyufa hizo rangi ya hudhurungi iliyoingia na mafuta ya mchuzi wa miaka mingi. Chombo cha namna hii ni udongo wa kiwandani. Ukikiinua mbele ya taa, mwanga haupiti, na ukikigonga kwa ukucha sauti yake ni butu.

Kauri ya China ni kitu kingine. Sahani nyembamba ya Jingdezhen hupitisha mwanga kiasi cha kuona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, na sauti yake hulia na kukaa. Pete ya kitako huwa haikupakwa ganda, na mara nyingine ina punje za mchanga wa tanuri zilizoganda humo. Vyombo vya kusini mwa China vilivyotengenezwa kwa wingi vina mchanga mwingi zaidi. Ukiona pete imetobolewa matundu mawili, huenda sahani ilitungikwa ukutani kwa uzi. Ukiona vibanio vya chuma vimeshikilia ufa, ujue palikuwa na fundi aliyeshona vyombo, na palikuwa na mwenye nyumba aliyeona ni bora kulipia fundi kuliko kununua kipya. Dalali atakuambia vibanio hivyo vimeshusha bei. Kweli vimeshusha, ila pia ni ushahidi kwamba chombo kimetumika na kupendwa, na mnunuzi makini hulijua hilo.

Chapa za Ulaya husomeka vizuri ukizijua. Uingereza ilitumia alama yenye umbo la almasi kati ya mwaka 1842 na 1883 kwa mapambo yaliyosajiliwa, na kuanzia 1884 ikatumia herufi Rd na namba. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa kuandikwa nchi zinakotoka, kwa hiyo chombo chenye jina la nchi chini yake kwa kawaida ni cha 1891 au baadaye. Vyombo vya Japani vya kipindi hicho viliandikwa Nippon hadi 1921, kisha vikabadilika kuwa vya Japan, na vile vinavyotaja Japani iliyokaliwa kijeshi ni vya baada ya vita, hadi mwaka 1952. Kampuni ya Regout ilibadilishwa jina na kuwa De Sphinx mwaka 1899, na mwaka 1958 iliungana na mshindani wake Société Céramique. Tahadhari moja: alama za kaizari kwenye kauri ya China haziaminiki peke yake. Mafundi wa China wenyewe walinakili alama za wafalme wa zamani kwa heshima, na waghushi wa leo huzinakili kwa sababu nyingine.

Karne ya 20 iliwaletea watu sahani za bati, kisha plastiki, na vyombo vya udongo vikapanda juu ya kabati, vikashushwa siku ya Idi na harusi tu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka Zanzibar kwa haraka. Wapo waliofika Oman, Dubai na Uingereza wakiwa na birika moja lililofungwa ndani ya kanga, na wapo walioacha kabati zima. Watalii walipoongezeka Lamu na Unguja, mahitaji ya vitu vya kale yakaongezeka nayo, na milango, vitanda na sahani vikaanza kutoka majumbani kwenda madukani. Waliouza hawakuwa wajinga. Walikuwa na ada za shule za kulipa, paa la kuezeka, mgonjwa wa kupeleka hospitali.

Bei za minada mikubwa huwavuruga watu. Machi 2021, huko New York, kibakuli cha bluu na nyeupe kilichonunuliwa kwa dola 35 katika uuzaji wa vitu vya nyumbani huko Connecticut kiliuzwa na Sotheby's kwa dola 721,800. Kilikuwa cha enzi ya Yongle, kaizari yuleyule aliyetuma meli Malindi. Habari kama hizo ni za kweli, na ni nadra. Bakuli la Maastricht lilitengenezwa kwa maelfu, na halitamfanya mtu tajiri. Seti kamili, isiyomeguka, yenye chapa moja na pambo moja, huuzwa vizuri zaidi kuliko vipande vyake, na ndiyo maana kuigawanya kwenye mirathi ni hasara kwa wote. Afadhali warithi wakubaliane mmoja aichukue seti nzima na kuwafidia wenzake kwa mali nyingine.

Kabla ya kuuza, sheria nayo ina neno. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni kitu cha kale kila chombo kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Tanzania Bara, sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Bakuli la bibi lililonunuliwa dukani miaka ya 1920 halimo humo. Sahani ya China iliyokaa kidakani tangu enzi za Pate imo. Mnunuzi mgeni akikuambia hakuna haja ya karatasi, anakulinda yeye mwenyewe.

Na neno la afya: rangi kali na maganda ya vyombo vya zamani yanaweza kuwa na madini ya risasi. Usivilie achari, ndimu wala mchuzi wa ukwaju kila siku. Viweke vionekane.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujamwita dalali, vitoe vyombo vyote kabatini, viweke juu ya mkeka na uvigeuze kimoja kimoja. Piga picha ya uso na ya kitako. Muulize mkubwa wa ukoo aliyebaki, awe shangazi au nyanya: kilitoka kwa nani, kilikuja na harusi ya nani, kilitumika siku gani. Yaandike majibu hayo kwenye karatasi na uiweke pamoja na chombo, kwa maana chombo chenye maelezo ya kweli kina bei, na hata usipouza, wanao watajua walichorithi. Seti usiivunje. Omba bei kwa watu wawili au watatu kabla ya kukubali ya kwanza. Na sahani iliyobanduliwa kwenye kaburi au kuokotwa magofuni usiinunue wala usiiuze, hata ikiwa nzuri namna gani. Ipeleke makumbusho iliyo karibu nawe.